Uchungu Ulianza Saa Ngapi?

Usiku wa Ijumaa moja ya Julai mwaka wa 2019, nikiwa nimelazwa kwenye kitanda chembamba cha magurudumu katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Nairobi, muuguzi aliyekuwa akijaza fomu aliniuliza swali ambalo kila mjamzito huulizwa akifika pale: "Mama, uchungu ulianza saa ngapi?" Nilimjibu kwamba ulianza saa nne. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ndilo lililoandikwa, na kwa sababu yake ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kilichomtoa mwanangu tumboni katika wiki ya 21.

Mimi ni karani wa mahakama. Kwa miaka mingi nimesimama kati ya shahidi na hakimu nikitafsiri ushahidi kutoka Kiswahili hadi Kiingereza na kurudi, na kazi hiyo humfundisha mtu kuyaogopa maneno yanayoonekana mepesi. Neno "uchungu" limenisumbua mara nyingi, kwa kuwa shahidi akisema kwamba alisikia uchungu sana, huenda anazungumzia mkono uliovunjwa au moyo uliovunjwa, na hakimu anataka kujua ni upi. Kwa mjamzito neno hilohilo lina maana ya tatu, ambayo ni kwamba safari ya kujifungua imeanza. Nililijua hilo kikazi, na bado lilinipita siku nilipokuwa shahidi mwenyewe.

Naomba niieleze wiki ile kwa mpangilio wake. Siku ya Jumanne, nikiwa nimesimama mahakamani tangu asubuhi, nilihisi uzito chini ya kitovu, kana kwamba mtoto ameketi juu ya mfupa wa nyonga. Mtu angeniuliza siku hiyo kama ninaumwa, ningesema nimechoka tu. Jumatano ute ulianza kuwa mwingi, mwepesi kama ute wa yai bichi, na kufikia jioni ulikuwa na rangi hafifu kama maji yaliyooshewa nyama, nikalazimika kuvaa pedi. Usiku huo niliamka mara sita kwenda haja ndogo. Alhamisi mgongo wa chini ulikuwa umechoka kwa namna isiyoelezeka, si maumivu hasa, bali ule uchovu wa mtu aliyelala vibaya, nikaamua kupita kliniki ya karibu na nyumbani kabla ya kwenda kazini.

Muuguzi wa kliniki alinipima presha, akalipapasa tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto kwa kifaa chake chenye umbo la tarumbeta, na kuniambia kwamba mtoto yuko sawa. Kisha akauliza, "Mama, una uchungu wowote?" Nikamwambia, "La, Sista, ni uzito tu na ute." Akatabasamu na kusema huo ni mzigo wa kawaida wa mimba, nipumzike na kunywa maji. Nyuma yangu kulikuwa na benchi lililojaa wanawake, naye alikuwa peke yake. Simlaumu kama ninavyomlaumu aliyepanga kwamba muuguzi mmoja atoshe pale. Hata hivyo najua sasa kwamba ute uliobadilika rangi katika wiki ya 21 ulistahili mtu anitazame ndani kwa kile kifaa cha kufungulia uke, kazi ya dakika tano, na kwamba jibu langu la "la" ndilo lililoufunga mlango wa uchunguzi.

Ijumaa jioni, nikiwa chooni, niligusa kitu laini na chororo kilichojitokeza, kama ncha ya puto lililojazwa maji. Sikuwa na maumivu hata kidogo. Nakumbuka nilikaa pale nikiwa nimeutoa mkono na kuuangalia, nikitarajia damu, na haikuwapo. Jirani alitupeleka hospitalini kwa gari lake, tukafika saa tatu, nikaketishwa kwenye benchi kwa kuwa nilikuwa ninatembea na sikuwa ninalia. Ilipotimia saa nne ndipo tumbo lilipokunja ngumi, likaachia, likakunja tena. Chupa, yaani mfuko wa maji ya mtoto, ilipasuka nikiwa bado kwenye benchi. Kabla ya saa tano mtoto alikuwa ametoka, wa kiume, akitosha katika viganja vyangu viwili.

Karatasi niliyopewa siku iliyofuata ilikuwa na sentensi mbili za maana, na kwa kuwa kutafsiri ndiyo kazi yangu, nilizitafsiri kichwani papo hapo: mgonjwa alifika akiwa na uchungu ulioanza saa nne usiku, mimba ya wiki 21 iliharibika. Jumanne haikuwemo. Puto halikuwemo. Swali kuhusu uchungu lilikuwa limenidanganya mara mbili katika muda wa siku mbili: Alhamisi nilipokosa uchungu nilihesabiwa mzima, na Ijumaa nilipoupata nilihesabiwa kuwa mimba yangu iliharibiwa na uchungu uliokuja mapema.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2021 nilishika mimba nyingine. Kliniki niliyoanzia iliisoma ile karatasi, ikaniambia niepuke kazi nzito, nisibebe maji, nipumzike. Sikuridhika, na kwa kuwa nilikuwa na bima ya kazini, jambo ambalo wengi wa wanawake niliokutana nao kwenye mabenchi hawakuwa nalo, nilikwenda kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake aliyekuwa na ofisi Hurlingham. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichoandikwa huko, kisha akauliza:

"Kabla ya saa nne ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye benchi, Daktari."

"Na kabla ya benchi?"

Nikamweleza kuhusu choo na lile puto. Aliiweka kalamu chini. "Na kabla ya hapo?" Hivyo ndivyo alivyonirudisha nyuma, siku baada ya siku, kama wakili anayejua kwamba shahidi anacho asichojua kuwa anacho, hadi tukafika Jumanne. Halafu akaniuliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji wowote wa mlango wa kizazi. Nilisema hapana, kama nilivyosema kwenye kila fomu tangu mimba ya kwanza. Akalibadilisha swali: umewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na baada ya kipimo ukaitwa tena? Ndiyo, mwaka wa 2016 nilikuwa nimeitwa, wakanidunga ganzi na kukata kipande chenye chembe zilizobadilika, nikaenda nyumbani saa ileile kwa matatu. Sikuwahi kuliita hilo upasuaji, wala sikujua kwamba kukatwa huko kunaweza kuudhoofisha mlango wa kizazi. Kwangu upasuaji ulikuwa jambo la kulazwa wodini na kushonwa tumbo. (Nisieleweke vibaya: kipimo kile na tiba ile huokoa maisha, na ningerudia kesho. Kosa lilikuwa kutolitaja.)

Kisha alinichorea mfuko nyuma ya karatasi ya maabara. Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu kwa mfano wangu mwenyewe, wa gunia la maharagwe kule Nyamakima, mtaa wa Nairobi wenye maduka ya nafaka. Maharagwe yanaweza kumwagika kwa njia mbili: ama mtu amelikamua gunia kwa nguvu hadi kamba ikashindwa, ama kamba yenyewe ilikuwa legevu na gunia likajimwagia bila kuguswa. Njia ya kwanza ndiyo uchungu wa mapema, yaani mji wa mimba kuanza kukaza kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, na mikazo hiyo kuufupisha na kuufungua mlango wa kizazi. Njia ya pili ni udhaifu wa mlango wenyewe, ambao hufunguka kimyakimya chini ya uzito wa mimba, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 24, pasipo mikazo ya kuusukuma. Dalili zake, zikiwapo, ni zilezile nilizozibeba tangu Jumanne: uzito wa chini, ute ulioongezeka au kubadilika, mgongo, haja ndogo za mara kwa mara, matone ya damu. Wengine hawahisi chochote.

Kinachowachanganya watu, na kilichonichanganya mimi, ni kwamba hadithi hizi mbili zina mwisho mmoja. Mlango ulegeapo, chupa huteremka na kujitokeza ukeni, mahali penye vijidudu ambavyo haikuumbwa kukutana navyo. Maambukizi au kule kuvutwa tu huuchokoza mji wa mimba, nao huanza kukaza. Kwa hiyo mwanamke ambaye mlango wake umefunguka bila maumivu tangu Jumanne atafika hospitalini Ijumaa akiwa na uchungu halisi, na anayemtazama saa hiyo ataona uchungu. Hakuna alama mwilini mwake inayomwambia daktari ni kipi kilitangulia. Aliyekuwapo wakati wote ni mwanamke mwenyewe peke yake.

Daktari hakunidanganya kwamba mpaka huo ni mstari ulionyooka. Alisema kuna wanawake ambao mlango hufupika kimya kwa sababu ya uvimbe au maambukizi yaliyojificha ndani, wala si kwa ulegevu wa asili, na kwamba hakuna kipimo kinachoweza kufanywa mtu akiwa hana mimba kikathibitisha kwa uhakika kuwa mlango wake ni dhaifu. Mtu hutambuliwa kwa historia yake na kwa kutazamwa mimba ikiendelea. Hata wataalamu wa nchi tofauti hawajakubaliana: miongozo ya Marekani inaruhusu mlango ushonwe kwa uzi ili usifunguke, kwa msingi wa historia hata kama mwanamke amepoteza mimba moja tu ya katikati, mradi ilifunguka bila maumivu, ilhali ya Uingereza inataka awe amepoteza mimba au kuzaa kabla ya wakati mara tatu au zaidi, na kwa wengine inashauri mlango upimwe urefu kwanza. Yeye alichagua kupima.

Nilimuuliza kwa nini asinishone tu na tumalize. Aliniambia kwamba mshono si pambo. Unaweza kuleta maambukizi, unaweza kuipasua chupa wakati wa kushonwa, na zaidi ya yote haumsaidii mwanamke ambaye tatizo lake ni mikazo, kwa sababu uzi hauuzuii mji wa mimba kukaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutenganisha mambo haya mawili kulikuwa na uzito kuliko kutafuta jina la kuandikwa kwenye faili.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa altrasaundi ya kuingizwa ukeni, kibofu kikiwa kitupu, kwa maana mlango ukitazamwa kupitia tumboni huku kibofu kimejaa, huonekana mrefu kuliko ulivyo. Nilianza wiki ya 16, na mlango ulikuwa na milimita 34. Wiki ya 18 ulikuwa na milimita 28, na daktari akaniambia nirudi baada ya wiki moja badala ya mbili. Wiki ya 19 nilipanda kitandani nikiwa nimetoka kula chapati na maharagwe, mwenye furaha, bila uzito, bila ute, na kwenye kioo niliona mwenyewe tundu la ndani likiwa limepanuka kama faneli ya kumiminia mafuta taa. Akaburuta vialama viwili kwenye picha, vikasoma milimita 22. Mpaka wanaoutumia kwa mwanamke mwenye historia kama yangu ni milimita 25 kabla ya wiki ya 24. Nilishika kingo za kitanda nikatafuta maumivu mwilini mwangu, hata kidogo, ili picha ile iwe na maana, na sikuyapata.

Walinipima maambukizi, wakahakikisha kwamba hakuna damu wala mikazo, na kesho yake nilishonwa kwa ganzi ya uti wa mgongo. Ulikuwa ule mshono wa kuuzungushia mlango uzi kama mdomo wa kifuko cha tumbaku kisha kuukaza, aliouandika Ian McDonald wa Melbourne mwaka wa 1957, miaka miwili baada ya V. N. Shirodkar wa Bombay kuandika wake, ambao huzikwa ndani zaidi. Ulichukua muda mfupi kuliko nilivyotumia kwenye foleni ya malipo. Nililala usiku mmoja, nikarudi nyumbani na vidonge vya projesteroni, homoni inayosaidia kuishikilia mimba, vya kuweka ukeni kila usiku, ambavyo daktari wangu alipenda kuviongeza.

Mama yangu alikuja kutoka Machakos siku hiyohiyo, akiwa tayari ana mpango. Kwenye jengo linalojengwa nyuma ya ploti yetu aliomba matofali manne, akayaweka chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni, ili nilale kichwa kikiwa chini na mimba isije ikateleza. Alikuwa amefanyiwa hivyo yeye mwenyewe na dada zake. Nililala hivyo siku tatu damu ikinijaa kichwani, hadi nilipompigia daktari simu. Alicheka kwa upole, akasema kulala kitandani mchana na usiku hakujaonyesha kumsaidia mwanamke mwenye mlango mfupi, na kwamba damu inaweza kuganda miguuni kwa kutotembea. Nirudi kazini, nikae kila ninapoweza kukaa. Mama hakukubali kwa mdomo, lakini aliyatoa matofali na kuyapanga kibarazani kuwekea masufuria ya maua, na yapo hadi leo.

Agosti, nikiwa wiki ya 31, mambo yaligeuka. Safari hii mlango ulikuwa umefungwa, na mji wa mimba ndio ulioamka. Ilikuwa saa mbili usiku. Nilidhani ni ile mikazo ya mazoezi ambayo huja na kuondoka bila utaratibu, hulegea mtu akibadilisha mlalo au akinywa maji, na ambayo nilikuwa nimeizoea. Nikanywa maji, nikalala kwa ubavu wa kushoto, nikaweka simu kifuani na kuhesabu. Dakika tisa, nane, saba, saba. Kila mkazo ulidumu karibu sekunde 40, na tumbo lilikuwa gumu kiasi kwamba kidole hakikuweza kulibonyeza. Tuliondoka saa nne na nusu, kafyu ya wakati wa korona ikiwa tayari imeanza, na kwenye barabara ya Jogoo polisi walitusimamisha. Askari alimulika tochi kiti cha nyuma, akaniona nimeshika mlango wa gari kwa mikono miwili, akasema kwa haraka, "Pitisha mama, pitisha."

Muuguzi wa zamu, mwanamke kijana aliyejifunga saa kifuani, aliniuliza swali lile lile. "Mama, uchungu ulianza saa ngapi?"

Nilikuwa nimelisubiri kwa miaka miwili. Nilisema: "Sista, nina mshono kwenye mlango wa kizazi tangu wiki ya 19, na mimba iliyotangulia ilitoka wiki ya 21 baada ya mlango kufunguka bila maumivu. Wiki hii sijahisi uzito wowote, ute haujabadilika, sijaona damu wala maji. Tumbo limeanza kukaza leo saa mbili usiku, na sasa linakaza kila baada ya dakika saba. Na tangu jana nikikojoa ninasikia kama ninachomwa."

Aliandika yote. Kisha aliweka kiganja chake juu ya tumbo langu na kuitazama saa yake kwa dakika kumi nzima bila kusema neno. Nimetibiwa na watu wengi, lakini kiganja kile kisichokuwa na haraka ndicho ninachokikumbuka kuliko vingine.

Daktari alinitazama ndani na kukuta uzi haujavutika wala haujakata nyama, na altrasaundi ikaonyesha kwamba urefu wa mlango ulikuwa kama wa kipimo kilichotangulia. Mkojo ulikuwa na maambukizi. Nilipewa dawa ya kuua vijidudu, na nifedipini ya kuutuliza mji wa mimba kwa muda wa kutosha sindano za deksamethasoni zifanye kazi, yaani milligramu 6 mara nne, kila baada ya saa 12, za kuyakomaza mapafu ya mtoto. Hutolewa kati ya wiki ya 24 na ya 34 mtu anapoonekana yuko karibu kujifungua, na nilifarijika kusikia kwamba wanawake wa Kenya walishiriki katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka wa 2020, ambao ulionyesha kwamba sindano hizo huokoa watoto hata katika nchi zenye uwezo mdogo kama yetu.

Nilichojifunza usiku huo ni kwamba mikazo peke yake haitoshi kuitwa uchungu wa kujifungua. Huitwa hivyo ikianza kuubadilisha mlango. Yangu haikuubadilisha, na kufikia Jumapili ilikuwa imepoa pamoja na ule moto wa mkojo. Nilimwambia daktari kwamba namshukuru Mungu kwa uzi ule, maana bila shaka ndio uliomshikilia mtoto. Akanikosoa. Alisema kwamba mikazo ile ingeendelea na mlango ukaanza kubadilika, jambo la kwanza ambalo wangefanya ni kuukata uzi, hata katika wiki ya 31, kwa sababu mji wa mimba unaosukuma dhidi ya mlango uliofungwa huurarua mlango wenyewe. Uzi ulionisaidia katika wiki ya 19 ungeweza kunijeruhi katika wiki ya 31. Mwanamke alikuwa yuleyule na mimba ileile, ila tatizo lilikuwa jingine.

Tangu hapo wanawake kazini hunijia, mara nyingi chooni au kwenye ngazi, kunong'ona kuhusu ute, au kuhusu dada aliyepoteza mimba mbili. Huwaambia mimi ni karani, waende kwa daktari, na waende siku hiyohiyo, kwa maana damu, maji, uzito mpya wa chini au mikazo ya mpangilio kabla ya wiki ya 37 si mambo ya kusubiriwa hadi Jumatatu. Lakini huwaambia pia wakae chini kabla ya kwenda na kuandika nini kilianza na nini kikafuata, pamoja na yale yasiyouma, kwa sababu hakuna atakayewauliza kuhusu yale yasiyouma. Mmoja alikuja na daftari lenye siku tisa ndani yake. Baada ya siku hizo kusomwa, mlango wake ulipimwa na kukutwa mrefu na umefungwa, na tatizo likawa ukungu wa ukeni ulioondoka kwa dawa. Hakushonwa, na hakuhitaji kushonwa.

Uzi wangu ulitolewa wiki ya 37, bila ganzi, kwa mkasi mrefu na pumzi moja ndefu. Ulitua kwenye bakuli la chuma, kipande cha utepe kisichozidi urefu wa kidole. Nilikuwa nimeandaa mfuko wa hospitali, nikidhani mtoto ataanguka nikisimama, lakini alikaa wiki mbili zaidi na kuzaliwa Oktoba, siku chache kabla ya kafyu kuondolewa, kwa uchungu wa kawaida uliodumu kwa muda wa saa kumi na moja. Ni msichana.

Nilipomrudia daktari wiki sita baadaye, nilimwomba aandike kwenye kitabu cha kliniki historia ya mimba ya 2019 upya, kwa mpangilio, ili atakayekisoma siku nyingine asiipate kutoka kwenye ile karatasi ya sentensi mbili. Aliandika mistari saba. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Nilimwomba anisomee, kama tunavyomsomea shahidi maelezo yake kabla ya kutia sahihi, naye akasoma polepole: uzito wa chini bila maumivu, ute mwingi, ute wenye rangi, chupa kujitokeza, na mikazo iliyokuja mwisho.

"Ni sahihi?" akauliza.

"Karibu, Daktari. Umeandika kwamba uzito ulianza Jumatano. Ulianza Jumanne."

Akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, na kutia sahihi pembeni.